Mfupa wa Droo ya Kumi na Tisa

Ulikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho. Nusu yake ilikuwa bado imezama ndani ya jiwe la rangi ya majivu, na nusu nyingine ilitokeza nje, nyeusi na laini kama makaa yaliyopanguswa kwa kitambaa. Juu yake palikuwa na meno mawili na shimo la jino la tatu. Meno yenyewe yalikuwa membamba, yameinamia mbele kidogo, kana kwamba mwenye nayo alikuwa anataka kushika kitu kabla hajakifikia.

Niliupata katika droo ya kumi na tisa ya kabati la mawe, chuoni kwetu Lubumbashi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza licence, shahada ya jiolojia, miezi michache tu. Kampuni ya shaba, ambayo kila mtu darasani kwetu alikuwa ameihesabu kama mjomba tajiri anayetungoja, ilikuwa haiajiri tena. Wale iliowaajiri zamani walikuwa wanauza sabuni na sukari mbele ya nyumba zao. Mkuu wa idara alinihurumia. Alikuwa anaishi Makomeno, akaniita nyumbani kwake, akaniambia kwamba kabati lile linahitaji orodha. Kama orodha ingekuwa nzuri, angeipeleka ng'ambo kuomba msaada, na huenda mimi ningepata nafasi ya assistant, mwalimu msaidizi.

"Mawe bila orodha ni kokoto," alisema. "Unaelewa?"

Nilielewa mno. Nilitembea kwa miguu mpaka kwetu Katuba nikijiuliza kwa nini alisema "huenda".

Kabati lile lilikuwa limeponea chupuchupu. Mwaka mmoja kabla, askari waliokosa mishahara walivunja maduka ya mjini, raia wakaingia nyuma yao, na chuo nacho kikapata fungu lake. Walichukua taa, viti, mapazia, hata vitasa vya milango. Kwenye kabati walifungua droo zote, wakachukua malakiti peke yake, kwa sababu katika mji wetu hata mtoto anajua jiwe la kijani lina mnunuzi. Mawe mengine waliyamwaga chini. Aliyeyarudisha moja moja, kila jiwe kwenye nafasi yake, ni fundi wa chumba kile.

Huyu fundi alikuwa mzee mfupi mwenye koti la bluu lililofuliwa mpaka likawa jeupe mabegani. Alianza kazi pale kijana, enzi za mabosi wa kizungu, akifagia. Wakamfundisha kukata mawe, kuyasugua, kuandika kadi. Sisi wanafunzi tulimwita baba, na yeye alituita "ba-licenciés", wenye shahada, tangu mwaka wa kwanza, kwa dhihaka. Yeye ndiye aliyetufundisha kutambua mfupa wa kale kwa ulimi. Jiwe la kawaida likigusa ulimi linateleza; mfupa wa kale unanata, kwa sababu vitundu vyake vidogo vinanyonya mate. "Profesa anafundisha na kitabu," alikuwa anasema. "Mi ninafundisha na mate."

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya na kile kipande ni kukigusisha ulimi. Kilinata.

Cha pili, nilitafuta kadi yake. Na hapa ndipo penye kosa ambalo sidhani lingetokea chumba kingine cha mawe popote duniani. Gundi ilikuwa imekwisha chuoni miaka mingi kabla, na hakukuwa na fedha ya kununua nyingine. Fundi, mtu asiyekubali kazi kusimama, alipika bukari, ule ugali wetu wa mahindi, mwepesi kidogo, akaupakaa nyuma ya kadi zote na kuzibandika ndani ya droo. Zilishika vizuri sana. Mende wakagundua. Walikula bukari, na kwa kuwa karatasi ilikuwa imelowa bukari, wakala karatasi pia. Kadi nyingi zilibaki kingo tu, kama mikate iliyoliwa katikati na mtoto mlafi. Kwenye droo ya kumi na tisa palibaki kipande chenye neno moja la mwandiko wa fundi: *volant*. Kinachoruka. Mbele yake alama ya kuuliza. Pale ambapo mahali pa kupatikana huandikwa, palikuwa na tundu.

Nilikaa chini sakafuni, maana viti vilikuwa vimeibwa.

Nilijua kidogo juu ya viumbe wa kale wenye meno walioruka. Walikuwa watambaazi, si ndege wala popo, na walipaa juu kabla ndege hawajajaza anga. Bawa lao lilikuwa ngozi iliyoshikiliwa na kidole kimoja tu, kidole cha nne, kilichorefuka kupita kiasi. Nilikuwa nakitazama kidole changu na kushindwa kuamini. Mifupa yao ilikuwa myembamba na mitupu ndani kama mirija, ndiyo maana hubaki kidogo sana. Anayekufa leo na mifupa ya namna hiyo anasagwa kabla hajafukiwa.

Kitabu cha Kifaransa kilichobaki maktabani kilisema kwamba Afrika ya enzi ya Jura ilikuwa imetoa vipande vichache mno vya viumbe hao, na kwamba baadhi vilitoka kilima cha Tendaguru, kusini mwa Tanzania. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mmoja wa kutoka kilima hicho amepewa jina, Tendaguripterus, bawa la Tendaguru, na kwamba kinachojulikana kwake ni kipande cha taya la chini na meno machache. Basi. Mnyama mzima aliyekula, akaruka, akaogopa mvua, na tunachoweza kusema juu yake kinaenea katika kiganja. Lakini angalau kilima kinajulikana. Wapagazi walibeba mizigo ya mifupa vichwani kutoka pale mpaka Lindi, na mtu aliandika kila mzigo ulitoka shimo gani. Mfupa wangu ulikuwa na meno mawili na tundu la mende.

Kama ulitoka Tendaguru, basi mtu aliuleta kwetu, labda kwa kubadilishana na malakiti. Kama ulitoka kwenye tabaka za zamani kando ya mto kule Kisangani, ambako wanajiolojia walikuwa wanaokota samaki wa kale waliogeuka mawe, basi ilikuwa habari mpya kabisa. Na kama mtu aliuokota mahali ambapo hakuna anayepafikiria? Niliwaza hivyo siku nzima. Bila mahali, haukuwa habari yoyote. Mtu mmoja tu angeweza kuniambia.

Mtu huyo alikuwa kwenye gare, stesheni ya treni, amekalia mizigo yake, anangoja kufukuzwa.

Lazima niseme jinsi ilivyokuwa, ingawa wenzangu wa umri wangu hawapendi kuikumbuka. Mwaka ule watu ambao wazazi au mababu zao walitoka Kasai waliambiwa kwamba Katanga si kwao. Mtu aliyezaliwa hapa, aliyezika wazazi hapa, aliamka akakuta nyumba yake imeandikwa mlangoni kwamba ahame. Baba yake fundi alikuja kutoka Kasai kujenga reli. Baba yangu mimi naye alifanya kazi kwenye reli hiyohiyo, lakini sisi asili yetu ni kaskazini ya Katanga, kwa hiyo mlango wetu haukuandikwa. Hatukufanya lolote kustahili hivyo. Tulinyamaza, na tulikwenda misa kama kawaida.

Fundi alikuwa ameondoka kazini bila kuaga. Nilisikia yuko kwenye gare na mke wake, kati ya maelfu waliokuwa wanalala pale wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai.

Ningeweza kwenda siku hiyohiyo. Ilinichukua siku nane. Siku ya kwanza nilijiambia ni aibu kumwendea mtu aliyepoteza nyumba na kumuuliza habari ya mfupa. Siku ya pili nilijiambia ni aibu zaidi kutomwendea kabisa. Siku ya tatu nilifikiri niende na kitu mkononi, halafu nikafikiri kitu hicho kitaonekana kama malipo ya jibu. Niliandika swali langu kwenye karatasi kwa namna sita, moja ikianza na pole, nyingine ikimalizia na pole. Baba yangu, aliyekuwa mstaafu na aliyeniona nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, aliniuliza nina nini. Nilimweleza yote.

"Mwanangu," alisema, "ile treni haiwazi kama weye. Ikikuya, inaenda."

Ndipo nikaenda, nikiwa na daftari, unga kidogo, na mfupa umefungwa kwenye leso.

Gare ilikuwa imejaa mpaka kwenye reli zenyewe. Magodoro, masufuria, mashine za kushona, milango iliyong'olewa na wenyewe ili wasiwaachie wengine. Nilimkuta fundi kando ya ukuta wa ghala la mizigo, amevaa lile koti. Mke wake, mama mrefu mwenye sauti ya kuamuru, alikuwa anapepeta mchele. Nilisalimu, nikatoa unga, nikasema pole zote sita kwa mkupuo. Halafu nikatoa swali, vibaya kabisa, nikiwa natazama viatu vyangu.

Mama aliacha kupepeta.

"Unasema nini? Bantu bote banakuya hapa kutuuliza tutatoka lini. Weye unakuya kuuliza majiwe inatoka wapi?" Akawageukia majirani. "Musikie! Ata majiwe, sasa, banataka kujua kwabo ni wapi!"

Watu walicheka, na kicheko kile sikukisahau, kwa sababu kilikuwa cha kweli. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini fundi hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katika mji wa ugeni.

"Kadi," alisema. "Iko namna gani na kadi?"

"Mende, baba. Wamezila. Ni ile bukari."

Alifunga macho. "Bukari," alisema. "Mama, si nilikuambia ile unga ilikuwa muzuri sana?"

"Njo maana sikuiona mu chakula," mama alijibu.

Nilifungua leso kumwonyesha mfupa, ila alinizuia kwa mkono. Akataka kujua droo ngapi zimeliwa. Nilimwambia, karibu zote. Akasogeza mzigo ili nipate pa kukaa.

"Andika. Tiroir ya kwanza."

"Baba, kwa kweli mimi nina haja na ya kumi na tisa..."

"Kazi haina kurukaruka kama panzi, bwana licencié. Nikianza na kumi na tisa, nitasahau ya tatu. Mi ninaona kabati mu kichwa. Ninafungua moja, ninafunga, ninafungua ingine. Andika."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya kazi siku zote; hata alipofuta vumbi alianza kushoto juu. Nami sikuwa na ujasiri wa kusema mara ya pili. Nikaandika. Alifumba macho na kwa mkono akavuta hewa mbele yake, kama mtu anayefungua droo ya kweli. Jiwe la kwanza: lilitoka wapi, lilikuja na nani, kwenye gunia gani, mwaka ambao mvua ilichelewa. Jiwe la pili: mgodi gani, ngazi ya ngapi chini, na mchimbaji aliyelileta akaomba sigara. Alikumbuka lililovunjika likiwa linasuguliwa na nani alilaumiwa. Alikumbuka hata jiwe ambalo bosi mmoja alilitumia kuzuia mlango. Nilichoandika siku ile kilijaza kurasa ambazo idara haikuwahi kuwa nazo hata kadi zilipokuwa nzima.

Nilirudi siku ya pili. Watoto wa majirani walikuwa wametuzoea, na vijana wawili waliokalia mashine ya kushona walikuwa wanatoa maoni.

"Muzee, ile jiwe ya jana ilifika Likasi ao bado?"

"Inangoja treni kama weye," fundi aliwajibu bila kufungua macho.

Alipofika kwenye samaki wa mawe, alinyoosha mkono kunionyesha upana wa magamba, akaniomba kitu cha kushika. Nikaona nafasi. Nilimpa ule mfupa. Hakuutazama kwanza, aliupeleka moja kwa moja kwenye ulimi.

"Ee!" mmoja wa vijana alipiga kelele. "Mama, kuya uone! Njaa inamushika muzee, anakula majiwe!"

Fundi aliutoa mdomoni taratibu, akaufuta kwa mkono wa koti. "Mufupa," alisema. Kisha akaugeuza kwenye jua, mara mbili, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikukielewa. Nilidhani ni uchovu. Akanirudishia. "Huyu zamu yake haijafika."

Usiku ule nyumbani sikulala vizuri. Jioni tulikuwa tumeishia droo ya kumi na tatu. Niligawanya: droo sita kwa siku, siku moja zaidi, labda moja na nusu. Niliwaza pia ule uso. Je, alikuwa anajua jambo baya juu ya mfupa? Je, uliibwa mahali? Asubuhi baba yangu alirudi kutoka kuongea na wenzake wa zamani wa reli, akanikuta nanoa penseli.

"Mabehewa yamefika kutoka Sakania," alisema. "Yanapangwa sasa hivi. Leo wanapakia."

Nilikimbia. Nilikuta gare imesimama yote kwa mara moja, watu wakitupa magodoro madirishani, wakiitana. Fundi na mke wake walikuwa bado ukutani, kwa sababu fundi alikataa kuondoka kabla sijafika. Mama aliniambia hilo bila upendo.

"Tiroir ya kumi na ine," alisema fundi aliponiona.

Nilibeba mashine yao ya kushona kichwani, yeye akabeba sufuria na godoro, na tukasogea kuelekea kwenye behewa hatua kwa hatua huku yeye akisema na mimi nikirudia kwa sauti ili nisisahau, maana sikuweza kuandika. Kumi na nne. Kumi na tano. Mtu alinikanyaga. Kumi na sita ilikuwa fupi, mawe ya chumvi tu. Tulipofika mlangoni pa behewa, mama alipanda kwanza, akapokea mashine, akapokea godoro. Fundi aliweka mguu kwenye ngazi akiwa katikati ya droo ya kumi na saba.

Miaka yangu yote, nilikuwa nimewaacha watu wamalize. Niliwaacha walimu, mapadri, hata waliokuwa wananiambia uongo. Nilimshika mkono wa koti.

"Baba, nisamehe. Kumi na tisa. Mfupa wa meno mawili. Ulitoka wapi?"

Aligeuka. Watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma.

"Ule," alisema. "Ule haukuwa na kadi. Siku nilianza kazi, niliukuta mu tiroir, peke yake. Nilifikiri: nitamuuliza bosi. Halafu nikafikiri, mi ni wa kufagia, atasema juu ya nini ninashika bintu byake. Nikasema, kesho. Kila siku, kesho. Halafu bosi akaenda Ulaya, hakurudia."

"Lakini kadi... neno *volant*..."

"Ni miye. Kisha miaka mingi niliona picha mu kitabu ya bosi mwingine, meno ile ile inalala mbele. Hakuna mutu aliniambia. Njo maana niliweka ile alama." Alinitazama, akaona uso wangu, akafikiri nimemkasirikia. "Nilikuwa naogopa kuuliza, mwanangu. Ni ile tu."

Sikuwa nimekasirika. Niliona siku zangu nane, na zake ambazo hazikuhesabika, zimelala pamoja ndani ya droo moja. Na niliona pia kitu kingine: mtu aliyefundishwa kufagia alikuwa ametazama kipande cha taya cha urefu wa kidole, bila mwalimu, akakitambua, na kwa adabu akaweka alama ya kuuliza.

"Nipe kadi," alisema.

Nilikuwa nazo mfukoni, tupu. Alikalia ngazi ya behewa, akazuia njia, watu wakimtukana, na mama akimwita kutoka ndani kwa majina ambayo sitayaandika. Akaandika juu ya goti kwa ule mwandiko wake wa kuegemea. Kisha akanipa, akapanda, na yale ya nusu ya droo ya kumi na saba akayapigia kelele kupitia dirishani mpaka sauti yake ikachanganyika na nyingine.

Nafasi ya assistant haikupatikana. Idara ilifungwa mwaka huo, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Orodha ninayo. Kutoka nusu ya droo ya kumi na saba mpaka ya mwisho, mahali pa kupatikana hapakuandikwa kitu, isipokuwa kwa kipande kimoja. Siku ileile ya treni nilirudi chuoni kwa miguu na nikaufungia mfupa kadi yake kwa uzi wa kushonea, si kwa bukari. Imeandikwa: *Taya, kipande. Mtambaazi anayeruka? Mahali: haikuulizwa.*